Gari lako lina macho, lakini barabara inaonekana?

JE, gari lako limewahi kukupigia kelele bila wewe kujua sababu? Uko kwenye barabara kuu, hukusinzia, hukunywa kitu, na ghafla dashibodi inalia na usukani unatetemeka mikononi. Ama pengine sauti ya mwanamke inakuambia jambo fulani kwa Kijapani, na kwa kuwa hujui Kijapani, unaongeza sauti ya redio na kuendelea na safari yako.

Watu wengi huzichukulia kelele hizo kuwa kero. Wengine humwendea fundi na kumwomba azizime kabisa. Na kwa kuwa unasoma kurasa za afya, huenda unajiuliza kelele za gari zinahusiana vipi na afya yako. Zinahusiana sana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba hakuna kitu kingine kinachoua watoto na vijana wa kati ya umri wa miaka 5 na 29 kwa wingi kama ajali hizo. Hapa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ilihesabu vifo zaidi ya 4,700 mwaka wa 2024. Waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hao ni waliokufa. Aliyevunjika uti wa mgongo na sasa anajifunza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, au aliyeumia ubongo na hawezi tena kukumbuka majina ya watoto wake, hayumo katika hesabu hiyo.

Kelele zile za gari zilibuniwa ili kupunguza watu wa aina hiyo. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji wa magari hakukueleza ulipokuwa ukilipa: vifaa hivyo haviwezi kufanya kazi peke yake. Vinahitaji kusaidiwa na barabara. Mahali barabara isiposaidia, vinazima, na mara nyingi vinazima kimya kimya.

Yafaa kwanza uelewe gari lako linaona vipi. Ukiketi ndani, tazama nyuma ya kioo kile kidogo cha kutazamia nyuma, pale juu kwenye kioo cha mbele. Ukiona kijisanduku cheusi chenye jicho moja au mawili yanayotazama mbele, hiyo ni kamera. Magari mengine huwa pia na rada, ambayo hufichwa nyuma ya nembo ya kampuni au ndani ya bampa. Vile vidude vidogo vya duara kwenye bampa vinavyolia unapoegesha gari ni vitu vingine, na hatutavizungumzia leo.

Kamera na rada hazioni kwa njia moja. Rada hutuma mawimbi ambayo hugonga vitu na kurudi, na kwa njia hiyo hujua kitu kilicho mbele kiko umbali gani na kinakwenda kasi gani. Haijui rangi wala kusoma. Kamera ndiyo inayosoma barabara. Inatafuta weupe au umanjano wa mstari juu ya weusi wa lami, inatafuta duara jekundu lenye nambari ndani yake, inatafuta umbo la gari au la mtu mwenye kichwa, mabega na miguu miwili. Kitu kisichofanana na yale iliyofunzwa, kwake ni kama hakipo. Tuta lisilopakwa rangi, kwa macho ya kamera nyingi, ni lami tu. Shimo nalo ni lami tu.

Vifaa hivi vinapofanya kazi, vinasaidia kweli, na haifai mtu akudanganye kuwa ni mapambo. Taasisi moja ya Marekani iitwayo IIHS, ambayo hugharimiwa na makampuni ya bima na imekuwa ikichunguza ajali kwa miaka mingi, iligundua kuwa magari yenye breki zinazoshika zenyewe hugonga magari mengine kwa nyuma karibu nusu ya kiwango cha magari yasiyo nazo. Taasisi hiyo hiyo, katika uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2017, ilionyesha kuwa kifaa kinachomwonya dereva anapotoka katika njia yake hupunguza kwa asilimia 21 ajali za kujeruhi za aina zinazohusika, yaani gari kutoka barabarani, kukwaruzana ubavuni, na kukutana uso kwa uso. Hizo za uso kwa uso hatuhitaji kuelezwa sisi Wakenya.

Fikiria pia mwili wa mtu. WHO inakadiria kuwa mtu mzima aliyegongwa na gari linalokwenda chini ya kilomita 50 kwa saa ana uwezekano wa kufa usiofika asilimia 20. Akigongwa kwa kilomita 80, uwezekano huo unakaribia asilimia 60. Kwa hiyo hata breki zikishindwa kulisimamisha gari kabisa, zikilipunguza tu kutoka 80 hadi 50 kabla halijamgusa mtu, huenda mtu huyo akapelekwa hospitali badala ya mochari. Nusu sekunde ya kushika breki mapema ni dawa ambayo hakuna daktari anayeweza kuiandika baadaye.

Swali basi ni hili: je, barabara zetu zinaliruhusu gari kuipata hiyo nusu sekunde?

Safari ya Mombasa

Chukua safari moja unayoijua. Unatoka Westlands, Nairobi, asubuhi, na unapanda ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ambayo ina urefu wa kilomita 27 hadi Mlolongo. Hapo gari lako linafurahi. Mistari iko pande zote mbili, hakuna ng'ombe, hakuna mkokoteni, hakuna mama anayevuka na kikapu. Kwenye dashibodi, picha ndogo ya mistari miwili inang'aa kuonyesha kuwa kamera imeishika njia. Ukisogea kidogo bila kuwasha indiketa, gari linakuonya. Ukiweka kile kifaa cha kushikilia kasi, nalo gari lina rada, linalifuata gari la mbele kwa adabu kuliko madereva wengi wa Nairobi.

Unashuka Mlolongo. Malori yamepanga foleni. Barabara bado ni ya njia mbili kila upande hadi unapokaribia njia panda ya Machakos, na mambo si mabaya. Lakini ukishapita hapo, barabara inakuwa moja tu, wanaokwenda na wanaorudi wanapishana, na kati yako na trela linalokuja hakuna kitu ila mstari wa rangi. Huo mstari, mahali pengine uko, mahali pengine umefifia, na mahali palipozibwa viraka vya lami mpya haupo kabisa. Pembeni, ukingo wa lami umeliwa na magurudumu ya malori, na mstari wa ukingoni umekwenda pamoja nao.

Tazama sasa ile picha ndogo ya dashibodi. Imefifia au imegeuka kuwa ya kijivu. Gari halikulia. Halikukuambia, "Bwana, kuanzia hapa siwezi kukusaidia." Kifaa kimezima tu, kikingoja mistari irudi. Katika magari mengi kifaa hicho huanza kufanya kazi gari likifika kasi ya kilomita kama 50 au 60 kwa saa, kwa hiyo ukipunguza mwendo ili kupita kwenye matuta ya Salama au Emali kinazima pia, halafu kinaamka tena mbele. Safari nzima kinakuja na kwenda kama umeme wa mtaani.

Kuna na jambo la kulipita lori. Katika barabara ya njia moja utapita malori mengi, na kila mara utauvuka mstari wa katikati. Ukiwasha indiketa, gari linaelewa kuwa umekusudia na linanyamaza. Usipowasha, linapiga kelele. Madereva wetu wengi hawawashi, kisha wanalalamika kuwa gari lina kelele. Aidha, ukilibana lori kwa nyuma ukingojea nafasi, kifaa cha breki kitadhani unataka kuligonga na kitakuonya. Hapo, msomaji, gari halijakosea.

Ukipita Mtito Andei unaingia katika nchi ya Tsavo, ambako ndovu, nyani na punda milia huwa karibu na barabara. Usitarajie gari likusaidie sana hapo, kwa kuwa magari mengi hayakufunzwa kutambua wanyama. Hata waliojaribu kuyafunza walipata shida. Mwaka wa 2017 wahandisi wa kampuni ya Volvo walieleza kuwa kifaa chao, kilichokuwa kimefunzwa kuwatambua wanyama wakubwa wa Sweden, kilichanganyikiwa kilipopelekwa Australia. Kangaruu akiruka juu, kilimwona kama yuko mbali, na akitua, kikamwona yuko karibu. Ikiwa kangaruu aliweza kuwasumbua wataalamu hao, sijui watamfanyaje bodaboda wetu aliyebeba abiria wawili na godoro.

Rangi si urembo

Wengi wetu huona mistari ya barabara kama urembo unaowekwa siku ya kufungua barabara. Ukweli ni kwamba mstari ni kifaa cha usalama kama breki zilivyo. Rangi inayotumiwa huchanganywa au kunyunyiziwa chembe ndogo sana za kioo, na chembe hizo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za gari usiku. Magurudumu yakizisaga au vumbi likizifunika, mstari unaweza kuonekana vizuri mchana na usiku usionekane kabisa. Mvua ikinyesha, tabaka la maji hulala juu ya rangi na mwanga hutawanyika kando badala ya kurudi kwa dereva. Ukiwa umewahi kuendesha gari Limuru usiku wa ukungu na mvua, unajua ninachosema: unafuata taa nyekundu za lori lililo mbele na kuomba Mungu dereva wake awe anaona.

Kamera nayo huteseka vivyo hivyo. Mwaka wa 2021 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu magari yenye vifaa hivi huku kikiyamwagia maji kwenye kioo cha mbele mithili ya mvua kubwa. Kile kifaa cha kuliweka gari katika njia yake kilishindwa, gari likapita mstari, katika asilimia 69 ya majaribio. Na breki za kushika zenyewe, kwa kasi ya kilomita kama 56 kwa saa, ziliacha gari ligonge lililosimama mbele katika asilimia 33 ya majaribio. Hayo yalikuwa magari mapya, mahali pa majaribio. Si gari la miaka minane lenye wipa zilizokauka.

Tena, mistari iliyo mingi kupita kiasi huharibu kama ile iliyokosekana. Barabara inapopanuliwa, mkandarasi huchora mistari ya muda na kuiacha ile ya zamani, nayo kamera haijui ifuate upi. Lami ikipasuka na kuzibwa kwa lami laini nyeusi inayong'aa juani, ule mfereji mrefu wa lami huweza kuonekana kama mstari. Jua la jioni likiwa limekuangalia usoni, kama vile unapoelekea Nakuru saa kumi na mbili kasorobo, kamera hupofuka kama wewe, ila wewe unaweza kushusha kinga jua.

Kuhusu vibao, hali yetu ni ya kuhuzunisha. Magari ya kisasa husoma vibao vya kasi na kumwonyesha dereva kasi inayoruhusiwa. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na kifaa cha kumwonya dereva anapozidi kasi hiyo, pamoja na breki za dharura na kifaa cha kulizuia gari kutoka njiani. Kwetu, vibao vya chuma na hata vyuma vya kando ya barabara hung'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka wa 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma hivyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi kama huo, kisha ikairuhusu tena. Mji mdogo ambao kibao chake cha 50 kimeibwa, kwa gari lako si mji. Wala usitegemee ramani iliyo ndani ya gari lililotoka Japani, kwani bado inadhani uko kule.

Wanaotembea gizani

Hapa ndipo pana hatari kubwa zaidi, na hapa ndipo wasomaji wengi wasio na gari wanapohusika. Ukishuka matatu saa mbili usiku na kuvuka barabara kwenda nyumbani, wewe ndiye mtu ambaye kamera inatakiwa imwone.

Uchunguzi mwingine wa IIHS, uliotolewa mwaka wa 2022, ulionyesha kuwa magari yenye breki zinazotambua watu yaliwagonga watembea kwa miguu kwa asilimia 27 chini ya magari mengine. Hizo ni habari njema. Lakini wachunguzi walipoitazama hali ya usiku mahali pasipo na taa za barabarani, hawakuona tofauti yoyote. Vivyo hivyo kwenye barabara ambako kasi inayoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa au zaidi. Sasa jiulize, Wakenya hugongwa wapi? Je, si usiku, kwenye barabara kuu, mahali ambapo taa zilizimika au nyaya zake ziliibwa?

Isitoshe, si kila gari lenye kamera linatambua watu. Baadhi ya magari madogo yaliyotengenezwa kati ya 2015 na 2017, ambayo yako mengi katika barabara zetu, yana kifaa kinachotambua gari jingine tu. Mbele ya mtu, kifaa hicho ni bubu. Mwenye gari huona kitufe cha breki za dharura na kuamini analindwa dhidi ya kila kitu.

Na kuna jambo la ajabu lililojitokeza Januari 2025. IIHS ilijaribu magari matatu kwa sanamu ya mtu iliyovishwa nguo zenye vipande vinavyong'aa, kama vile vya wafanyakazi wa barabara, na magari mawili kati ya hayo yalishindwa kuitambua sanamu hiyo yalipoikaribia gizani. Tafadhali usifanye kosa la kuivua jaketi yako ya kung'aa. Binadamu aliyeshika usukani anakuona vizuri zaidi ukiwa nayo, na magari mengi yanayopita Mlolongo usiku hayana kamera yoyote. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba mashine haioni kama tuonavyo sisi.

Kwa maoni yangu, taa moja inayowaka kwenye kivuko cha watu huokoa wengi kuliko kamera mia. Inamfaa dereva wa matatu kuukuu, inamfaa mzee mwenye mtoto wa jicho, na inaifaa kamera pia. Ni vivyo hivyo na mistari. Mashirika ya usalama wa barabara ya Ulaya yamekuwa yakipendekeza mistari iwe na upana wa angalau sentimita 15 ili watu na mashine waione. Marekani nayo, katika mwongozo wake mpya wa alama za barabarani uliotolewa Desemba 2023, imeweka upana kama huo kwa barabara zake kuu na kutenga sehemu nzima inayozungumzia magari yenye vifaa hivi. Hawakufanya hivyo kwa kuyapenda magari. Walijua kuwa upana huo unamsaidia kila mtu mwenye macho hafifu.

Huku kwetu, sehemu kubwa ya barabara haina lami, na haina maana kudai mistari juu ya murram. Lakini zile kuu, ambazo hubeba malori na mabasi ya usiku, zinaweza kupakwa rangi upya kila inapofifia. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kujenga barabara. Mbona basi husubiri hadi barabara izinduliwe upya? Swali hilo ni la wizara, na pia ni la wewe unayelipa ushuru wa mafuta kila unapojaza tangi.

Ulivyo na gari hilo leo

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na kwa hivyo magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa sasa yana vifaa vya namna hii. Huna budi kujua kilichomo ndani ya lako.

Kwanza, kitabu cha maelezo kikiwa cha Kijapani, tafuta kile cha Kiingereza cha gari la aina hiyo na mwaka huo kwenye intaneti, usome ni nini hasa linachotambua na kwa kasi gani. Halafu, ukiwa kwenye barabara yenye mistari mizuri, tazama ni picha gani inayowaka kamera inaposhika njia, ili siku nyingine ujue imezima. Usijaribu kamwe breki hizo kwa kumsimamisha mtu au hata pipa mbele ya gari. Wako waliojaribu wakaumizana.

Kioo cha mbele kikipasuka ndipo wengi huharibu. Fundi huweka kioo kipya, anairudisha kamera mahali pake, na kazi imekwisha. Kumbe kamera hiyo inahitaji kupimwa na kuelekezwa upya kwa mashine maalumu. Ikielekea kando kidogo tu, mtu aliye mita 50 mbele yako itamwona yuko mahali asipokuwa. Kabla hujalipa, muulize fundi kama ana mashine hiyo. Kama hana, mtafute aliye nayo, hata kama ni ghali zaidi.

Jambo jingine ambalo ni la Wakenya hasa ni kuinua gari. Matuta yetu na mashimo yetu yamewafanya wengi watie spesa ili magari madogo ya Japani yasigonge chini. Sikulaumu. Lakini ukiinua gari, na hasa ukiliinua mbele kuliko nyuma, kamera na rada hutazama juu kuliko zilivyowekwa kiwandani. Zinahitaji kupimwa pia. Chuma kile kinene cha kukinga bampa nacho huziba rada, na tope la safari ya mashambani huziba vyote viwili. Stika yoyote usiibandike mbele ya kamera.

Mwisho kabisa ni kuhusu usingizi, kwa sababu Desemba watu husafiri usiku kwenda nyumbani kwao na asubuhi tunasoma habari za vifo. Magari mengi huwa na kifaa kinachoonyesha picha ya kikombe cha kahawa dereva anapochoka. Usidhani kinakupima damu au mapigo ya moyo. Kuna vinavyomtazama dereva machoni kwa kamera ya ndani, lakini katika magari mengi ya bei ya kawaida kifaa hicho hutazama jinsi unavyoshika usukani na jinsi gari linavyoyumba kati ya mistari. Mistari isipokuwepo, hakina cha kulinganisha. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa gari lako linakwenda mita 28 kila sekunde, na mtu anayesinzia anaweza kufumba macho sekunde tatu bila kujua. Hizo ni zaidi ya mita 80, na trela linakuja.

Kwa hiyo ukiwa karibu na Kibwezi saa nane za usiku, ile picha ya mistari imezima na kikombe cha kahawa hakijaonekana, usiseme gari limeona uko macho. Ukiwa umepiga miayo mara ya tatu, au hukumbuki mji uliopita ulikuwa upi, ingia kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, zima injini, funga milango, ulale dakika 20.